Somo la Historia: Ugonjwa Uliowakunja Watu wa Newala

Natumaini wanafunzi wa Qurus, huko Karatu, mmekwisha kaa na madaftari yenu yako tayari. Leo historia yetu si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ugonjwa wa viungo, na jinsi chanzo chake kilivyopatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Mtu akiumwa magoti na vifundo, hasa penye baridi kama Karatu, husemwa, "Ni baridi yabisi." Lakini maumivu ya viungo yana sababu nyingi. Ili tuelewe jambo hili, twende mbali kidogo, mpaka Newala, kusini mwa nchi, katika uwanda wa juu wa Wamakonde.

Mwaka 1952 watu wa huko walishikwa na homa ya ghafula. Viungo viliwauma sana, hata wengine hawakuweza kusimama wima. Ugonjwa ukaenea mpaka mwaka 1953. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kitu kinachomkunja mtu. Ulifanana sana na homa ya kidingapopo, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba ndiyo hiyo.

Daktari mmoja, Bibi Marion Robinson, aliwatazama wagonjwa kwa makini, akaandika dalili zao. Mwenzake, Bwana W. H. R. Lumsden, alichunguza jinsi ugonjwa ulivyoenea. Habari zao zilichapishwa mwaka 1955. Bwana R. W. Ross, katika taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe, Uganda, alipata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa. Alikipata pia katika mbu waliokamatwa Newala. Habari zake zilitoka mwaka 1956.

Je, mbu hao walitoka wapi, na juu ya uwanda ule hapana mito? Sikilizeni vizuri. Kwa kuwa maji yalikuwa ya shida, watu waliyateka mbali, wakayaweka akiba nyumbani katika mitungi. Mbu wa ugonjwa huu, aitwaye Aedes, hutaga mayai katika maji kama hayo. Naye huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Na kwa nini viungo huuma? Kirusi huingia katika viungo, na nguvu za mwili hukimbilia huko kupigana nacho. Vita hiyo huleta joto, uvimbe na maumivu. Kwa watu wengine homa hupoa upesi, lakini viungo huendelea kuuma kwa miezi, hata miaka. Wazee na wenye kisukari huweza kuugua zaidi.

Mwaka 2004 ugonjwa ulizuka Lamu, Kenya, wakati wa ukame, watu walipokuwa wakiweka maji ya akiba majumbani. Uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba watu wapatao 3 katika kila 4 waliambukizwa. Kisha ukavuka bahari mpaka Komoro, na kisiwa cha Réunion, ambako katika miaka ya 2005 na 2006 theluthi moja hivi ya watu wote waliugua. Leo neno la Kimakonde limo katika vitabu vya madaktari wa dunia nzima.

Basi tunajifunza mambo mawili. Kwanza, tufunike mitungi na mapipa yetu, tena tuyasugue ndani kila juma, maana mayai hushikamana na kuta za chombo. Pili, mgonjwa ajue kueleza. Watu wa Newala walisema wazi kwamba ugonjwa unawakunja, na neno lao likawa mwanzo wa elimu. Nawe ufikapo zahanati usiseme tu, "Naumwa." Sema maumivu yalianza siku gani, katika kiungo gani, na kama yalikuja pamoja na homa. Wala usinywe aspirini kabla ya kupimwa, kwa sababu kama ni kidingapopo, yaweza kuleta kutokwa damu.

Maswali ya darasani:
1. Neno chikungunya lina maana gani?
2. Kwa nini mbu walikuwa wengi mahali pasipo mito?
3. Maji ya nyumbani kwako yamefunikwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.