Kilio Ndani ya Wimbo: Tangu Kwaya ya Kamina Mpaka Video za Leo

Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo huko Kamina, watu walisikia Misa ikiimbwa kwa namna ambayo kanisani haikuwa desturi. Maneno yalikuwa ya Kilatini, kama ilivyokuwa amri siku zile, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujatangazwa bado. Lakini sauti haikuwa ya Ulaya. Ngoma zilikuwapo, mwimbaji mmoja alianza, na wengine wakampokea, kama watu wanavyoitikiana penye msiba. Misa hiyo ndiyo Missa Luba, na mpaka leo pengine hakuna habari ya Kamina iliyofika mbali kupita hiyo.

Ndugu msomaji atauliza: Misa ina shauri gani na nyimbo za kulalamikia udhalimu? Twende polepole.

Kamina, ambayo sasa ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, ni mji wa reli. Gari moshi la BCK lilipita hapa kwenda mpaka Port-Francqui (leo Ilebo) tangu mwaka 1928. Kwa njia hiyo walipita watu wengi wa Kasai na wa Katanga waliokwenda kutafuta kazi kusini, kwenye migodi ya Union Minière. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Mwaka uliofuata akaanzisha kwaya ya wavulana 45 hivi, wenye umri wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15. Kwaya ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin, yule mfalme wa Wabelgiji aliyezuru Kongo mwaka 1955. Jina ni la mfalme wa ng’ambo, lakini sauti ni za watoto wa Kamina. Mwimbaji wao mkuu alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Hawakuandika noti hata moja: walichukua maneno ya Misa wakayatafutia sauti kwa kuimba pamoja, mara hii hivi, mara ile vile, mpaka ikapatikana.

Na sauti hizo walizitoa wapi? Kyrie, Gloria na Credo zilifuata namna ya kasala. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kasala ndiyo kiini cha maneno yangu.

Kasala ni wimbo wa Waluba, hasa wale wa Kasai, unaoimbwa penye matanga na penye mikutano mikubwa. Mwimbaji hutaja majina ya ukoo, husifu mashujaa, huwaita wafu mmoja mmoja, tena hujililia mwenyewe na taabu zake. Mwaka 1969 mtaalamu Mufuta alitoa kitabu kizima juu ya kasala, na anayekisoma ataona kwamba si sifa tupu. Sifa na machozi hukaa mahali pamoja, na katikati yake lawama hupata njia ya kupita. Mtu anayelia hanyamazishwi. Akisema kwamba wenye nguvu wamemwacha, ni nani atakayesimama mbele ya maiti na kumwambia afunge kinywa? Basi msiba ulikuwa kama nguo: uliyafunika maneno makali, nayo yakapita.

Nguo ya namna hiyo ilihitajiwa sana Katanga. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mishahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville (leo Lubumbashi). Makumi walikufa, naye Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao alikuwa mmoja wao. Watu wa Kamina walikuwa na ndugu kule. Baada ya siku kama ile, mtu mwenye akili hasimami barabarani kuimba kwamba mshahara hautoshi. Ataimba kwa mafumbo. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, wapiga gitaa wa Katanga kama Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, wasichukuliwe kuwa watu wa kuchekesha tu. Waliimba kwa Kiswahili cha mjini habari za pesa, za wanawake na za safari, na msikilizaji aliyetoka kazini alijua mwenyewe mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza.

Turudi kwa kwaya yetu. Mwaka huo huo wa 1958 ilisafiri Ulaya, ikaimba katika maonyesho makubwa ya Brussels, na Missa Luba ikatiwa katika sahani ya santuri na kampuni ya Philips. Miaka miwili haikutimia, mambo yakageuka. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kaskazini ya Katanga, Waluba wengi wakamkataa, wengine wakawa upande wake, na vijiji vikachomwa. Kulikuwa na vilio vya kweli katika nchi ile, na Ulaya watu walikuwa wakisikiliza kilio cha Kamina sebuleni, wakisifu uzuri wa ngoma. Noti za Misa ile zilipopigwa chapa Marekani mwaka 1964, ziliandikwa jina la Padre Haazen kama mtengenezaji. Simlaumu Padre, aliyeipenda kazi yake. Lakini waliotunga kwa vinywa vyao hawakuwa mmoja.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtu wa Kamina aliyelitazamia. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitengeneza sinema iitwayo If...., juu ya wanafunzi wa shule ya bweni wanaopigwa na kudharauliwa hata wakaasi kwa bunduki. Kijana mkubwa wa hadithi hiyo hupiga santuri moja tena na tena: ni Sanctus ya Missa Luba. Sinema ilipata tuzo kubwa kule Cannes mwaka 1969, na Sanctus ikanunuliwa Uingereza pamoja na nyimbo za dansi. Na Sanctus hiyo ilifuata namna ya wimbo wa kuagana! Kumbe sikio la vijana wale wasiojua neno la Kiluba lilisikia kitu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali waliingia, lakini mfiwa hawakumjua.

Huku kwetu nyimbo zilishikwa na serikali. Wakati wa Mobutu wanafunzi na wafanyakazi walipangwa mistari, wakaimba na kumchezea Rais na chama chake, MPR. Msifu alikuwa tayari, mlilia hakutakiwa. Si ajabu basi kwamba vijana wa Kinshasa walipounda kundi lao la muziki walilipa herufi zizo hizo, MPR, kwa mzaha. Mwezi wa Novemba 1921 ulikuwa wa Simon Kimbangu gerezani. Miaka 100 baadaye, Novemba 2021, tume ya kuchunguza nyimbo ilipiga marufuku wimbo wa kundi hilo uitwao « Nini Tosali Te », pamoja na barua ya Bob Elvis ya kuimbwa kwa Rais Tshisekedi. Watu wakapiga kelele, na upesi wimbo wa MPR ukafunguliwa.

Sasa tazama tofauti. Kasala ilifunikwa na msiba, Misa ilifunikwa na Kilatini, gitaa lilifunikwa na mzaha. Video haina kifuniko. Mwimbaji anaonyesha uso wake, mtaa wake, rafiki zake waliosimama nyuma yake. Na yule anayelaumiwa anaweza kuitazama katika simu yake jioni ile ile, akasimamisha picha na kuhesabu nyuso. Faida yake ni kubwa, maana asiyejua kusoma anaona barabara iliyoharibika kwa macho yake. Lakini gharama yake pia imeonekana.

Delphin Katembo Vinywasiki, aliyejulikana kwa jina la Idengo, aliimba huko Kivu ya Kaskazini akiwalaumu wakubwa wa serikali, kisha akawalaumu waasi wa M23. Alikuwa gerezani Goma mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 1925 na mia moja juu yake, yaani 2025, akatoka pamoja na wafungwa wengine. Tarehe 13 Februari alikuwa mtaani Goma pamoja na wenzake, wakipiga picha za video ya wimbo. Hapo ndipo alipopigwa risasi, akafa.