Mwanya na Uhai: Historia ya Ala za Uhuishaji na Funzo lake kwa Istilahi za Kiswahili

Neno “uhuishaji” limetokana na kitenzi “huisha”, yaani kutia uhai. Linataja matokeo, wala halielezi jinsi uhai huo unavyopatikana. Makala haya yanadai kwamba jinsi hiyo huonekana wazi zaidi katika historia ya ala za mkono zilizotangulia kompyuta.

Mwaka 1832 Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji, nchi iliyokuja baadaye kuitawala Burundi, alibuni kisahani chenye michoro iliyopangwa kwa duara, na mianya myembamba ukingoni. Mtazamaji alikizungusha mbele ya kioo, akachungulia mianyani, na michoro ikaonekana kusogea. Mwaka 1834 Mwingereza William George Horner alieleza ala ya umbo la pipa, iliyowezesha watu kadhaa kutazama pamoja bila kioo. Mwaka 1877 Mfaransa Émile Reynaud aliweka vioo mahali pa mianya. Na mwaka 1892 alionyesha michoro yake mbele ya hadhira jijini Paris.

Kompyuta haikuifuta kanuni hiyo. Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995 ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kuhuishwa yote kwa kompyuta. Muongo mmoja baadaye, studio ya Pixar iliyoitengeneza iliwachonga upya wahusika wake kuwa vinyago vilivyotofautiana kidogo kidogo kimkao, ikavipanga juu ya meza ya kuzunguka, chini ya taa inayowaka na kuzimika upesi. Mmweko mfupi wa taa hiyo ulifanya kazi ya mwanya wa Plateau. Bila huo, vinyago vingeonekana kama ukungu unaozunguka.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa watunga istilahi. Katika madarasa ya juu ya shule za Burundi, sayansi hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiswahili husomwa kama somo la lugha. Hata hivyo, mwalimu wa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, anaweza kutengeneza kisahani cha Plateau kwa boksi, msumari na kalamu, na kukieleza chote kwa Kiswahili: kisahani, mchoro, mwanya, mzunguko. Istilahi za uhuishaji wa kidijitali zikijengwa juu ya maneno haya, mwanafunzi atakapokutana na “fremu” katika programu ya kompyuta atakuwa ameshaizungusha kwa mkono wake.