Gari la Zamani, Injini Mpya: Kazi Hiyo Iitweje?

Mwaka 1955 Chevrolet walitoa gari la milango miwili wakaliita Nomad. Lilikuwa stesheni wagoni, yaani gari ambalo paa lake huenda moja kwa moja hadi nyuma na mizigo hukaa chumba kimoja na abiria, ila wabunifu wake hawakutaka lionekane kama gari la kubebea magunia. Umbo la paa lilitoka kwenye gari la maonyesho lililojengwa kwa sura ya Corvette na kuoneshwa New York Januari 1954. Nguzo zilizo nyuma ya milango zimelala kuelekea mbele, juu ya paa imepita mifereji tisa kutoka ubavu hadi ubavu, na mlango wa nyuma umepambwa kwa vipande saba vya kromu vilivyosimama wima. Liliundwa kwa umbo hilo kwa miaka mitatu tu, hadi 1957, na jumla yake haikufika magari 25,000.

Tuseme mtu wa Ohio amelikuta moja ndani ya banda, sakafu imeliwa na kutu na viti vimekuwa makazi ya panya. Ana njia mbili. Anaweza kulirudisha lilivyotoka kiwandani: rangi ileile, kabureta ileile, hata vitambaa vya viti vya mfumo uleule. Au anaweza kuiacha sura ya 1955 na chini yake akafunga injini, breki na umeme wa siku hizi, ili gari liende kazini Jumatatu na safari ndefu mwisho wa wiki. Kazi hiyo ya pili Wamarekani huiita restomod, neno lililoshonwa kwa vipande viwili: mwanzo wa neno lao la kurejesha na mwanzo wa neno lao la kubadili.

Kiswahili bado hakina istilahi iliyokubalika kwa kazi hii. Si kwamba mafundi wamekosa la kusema. Katika gereji za Nairobi na Dar es Salaam watu wanamodifai magari kila siku, na kila mmoja anaelewa. Tatizo ni kwamba kumodifai kumebeba kila kitu, kuanzia kufunga rimu pana na spika za buti hadi kukata springi ili gari liinamie lami. Neno halisemi lolote kuhusu umri wa gari, wala kama kuna kitu chochote kilichorejeshwa.

Ukarabati ndilo linalokuja haraka kwenye kalamu ya mwandishi wa habari. Barabara hukarabatiwa, zahanati hukarabatiwa, daraja pia. Lakini mkarabati hana deni kwa sura ya zamani. Paa la makuti likiondolewa na kuezekwa bati, bado ni ukarabati. Kufufua ni tamu zaidi, na mafundi hulitumia sana: gari lililokaa miaka kumi juu ya matofali likiwaka, limefufuliwa. Ila kufufua huishia pale pale kwenye kuwaka. Moshi ukishatoka, fundi amefaulu, hata kama mlango wa abiria bado unafungwa kwa kamba. Kurejesha nako ni neno sahihi kabisa, kwa ile njia ya kwanza. Anayerejesha anarudi nyuma, na kazi yake hupimwa kwa jinsi alivyofika karibu na gari la kiwandani.

Wapo watakaotaka kushona vipande kama Wamarekani walivyofanya. Kiswahili kinaijua njia hiyo. Chajio limetokana na chakula cha jioni na halimkeri mtu. Lakini urejegeuzi au ukarageuzi yanasikika kama majina ya maradhi ya ngozi. Fundi hatayatamka, na neno lisilotamkwa gereji litabaki kwenye makabrasha ya semina.

Neno lipo tayari, nalo ni kuhuisha. Lina undugu na hai na uhai, na maana yake ya msingi ni kutia uhai. Maofisini Tanzania limepata kazi nyingine: leseni iliyokwisha muda huhuishwa, taarifa za mwanachama huhuishwa, mtaala uliopitwa na wakati huhuishwa. Kitu kinabaki na jina lake, ila kinaletwa katika wakati uliopo. Ndiyo kazi anayofanyiwa Nomad aliyekufa bandani: kwanza uhai, kisha wakati wa sasa. Wamarekani walihitaji nusu mbili za maneno. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinazibeba zote. Kutokana nacho tunapata uhuishaji wa gari, mhuishaji, na gari lililohuishwa.

Kuna pingamizi, tena la haki. Uhuishaji limekwisha kutumika kwa sanaa ya katuni zinazotembea. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuchanganya kufunga mlango na kufunga Ramadhani, na hakuna atakayesikia uhuishaji wa gari akatafuta runinga.

Istilahi hupimwa kwenye kazi yenyewe. Chukua waipa za Chevrolet ya 1955. Zile za kawaida hazikuendeshwa na mota ya umeme bali na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Dereva akiwa anapanda mlima wakati wa mvua na kukanyaga mafuta, ule mvuto hupungua, na waipa huanza kusinzia wakati hasa anapozihitaji. Anayerejesha atazisafisha, atabadilisha mipira na kuziacha zisinzie, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa. Anayehuisha atafunga mota ya umeme mahali pasipoonekana, na aliye nje hatajua kilichobadilika.

Breki ni jambo zito zaidi. Nomad ilitoka na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yalipita njia moja kutoka kwenye masta silinda. Bomba moja likipasuka, pedali inazama na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Masta silinda yenye njia mbili, ya mbele na ya nyuma, ilienea kwenye magari ya Marekani kuanzia matoleo ya 1967. Mhuishaji hufunga hiyo pamoja na diski mbele, na ni watu wachache wenye akili timamu watakaomlaumu.

Kwenye injini ndipo ugomvi unapoanzia. Mwaka 1955 ndipo Chevrolet walipoleta V8 yao ndogo ya lita 4.3, na ya kawaida ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 162. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu: enzi hizo injini ilipimwa juu ya meza ya majaribio bila baadhi ya vifaa vinavyoila nguvu ikiwa garini, na ni kuanzia magari ya 1972 ndipo Wamarekani kwa jumla walipohamia kwenye kipimo cha injini iliyovaa vifaa vyake vyote. Kwa kipimo hicho kikali, injini ya LS1 iliyoingia kwenye Corvette ya 1997, ya alumini na yenye lita 5.7, ilitoa nguvu za farasi 345. Yeye na ndugu zake waliofuata ndio wanaopandikizwa mara kwa mara kwenye magari ya zamani ya General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, kwa kuwa ni wadogo kwa umbo, hupatikana kwenye magari yaliyopata ajali, na spea zao zimejaa sokoni.

Kuipandikiza si kufunga bolti tu. Kabureta huridhika na petroli yenye presha ya takriban psi 6. Nozeli za LS1 zinataka karibu psi 58. Kwa hiyo pampu inabadilika, mabomba yanabadilika, na mara nyingi tangi linabadilika ili pampu ikae ndani yake. Giaboksi otomatiki ya Powerglide, yenye gia mbili tu, inampisha mrithi wa gia nne. Rejeta inakua. Nyaya za zamani haziwezi kuhudumia kompyuta ya injini, basi zinavutwa mpya. Kufikia hapo mwenye gari aliyesema anataka "injini tu" ameshalipia gari zima.

Bodi, kwa upande mwingine, haina njia ya mkato, si kwa anayerejesha wala kwa anayehuisha. Fundi bodi anakata sakafu iliyooza, anachomelea bati jipya, na kama ni mwaminifu anapaka puti nyembamba. Nusu ya mbele ya Nomad inalingana na Chevrolet nyingine za mwaka huo, kwa hiyo mabati yake hupatikana. Kuanzia milangoni kwenda nyuma ni yake peke yake, na hapo ndipo bei hupaa. Kisha kuna kioo cha mlango wa nyuma, ambacho tangu likiwa jipya kilikuwa maarufu kwa kuvujisha maji. Je, anayerejesha kwa uaminifu arejeshe na mvujo? Hakuna anayefanya hivyo. Wote hutafuta mpira bora zaidi, na kwa kipande hicho kidogo hata mrejeshaji mkali anakuwa mhuishaji.

Stesheni wagoni za mbao zinaibana istilahi hii zaidi. Jina lenyewe la aina hii ya gari linatokana na vyombo vilivyopokea abiria na mizigo kwenye stesheni za treni na kuwapeleka hotelini, na bodi zake za mwanzo zilikuwa kazi ya maseremala. Ford walianza kuziuza kwa wingi mwaka 1929 wakiwa na Model A, na baadaye walichonga mbao zake katika kiwanda chao cha Iron Mountain, Michigan. Katika magari hayo mbao haikuwa pambo bali mifupa ya bodi. Mhuishaji akiibadilisha kwa chuma, amejenga gari jingine na kulivalisha jina.

Chuma chenyewe kilishinda haraka: Willys walitoa stesheni wagoni ya chuma kitupu mwaka 1946, Plymouth wakafuata 1949, na Ford wakaachana na bodi ya mbao kufikia 1952. Lakini wateja walikuwa wameipenda sura ile, kwa hiyo Ford Country Squire iliendelea kubandikwa karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao hadi ilipoaga sokoni mwaka 1991. Leo anayerejesha Country Squire hulazimika kutafuta mbao ya bandia iliyo halisi.

Walinzi wa magari ya kale wana msimamo wao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012. Hati hiyo inataka mabadiliko yasiyo ya enzi ya gari yawe machache na yasijitangaze, ikiwezekana yaweze kuondolewa, na vipuri muhimu vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Kwa kipimo hicho, LS1 ndani ya Nomad imeshindwa mtihani. Msimamo huo ni wa haki kwa gari adimu lililobaki zima. Kwa lile la bandani, lililokwisha kupoteza injini yake kabla mwenyewe hajazaliwa, ni ukali usio na faida kwa mtu.

Afrika Mashariki Nomad haitarajiwi barabarani. Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika likiwa limepita miaka minane, na hutaka usukani wa kulia. Istilahi hata hivyo ina kazi ya kufanya huku. Maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, huwaleta majaji wanaochungulia hadi chini ya gari. Peugeot 504 stesheni wagoni zilizobeba abiria wa masafa marefu Kenya sasa zinatafutwa na watu waliozipanda wakiwa watoto. Na zipo Land Rover nyingi zinazotembea kwa injini za Toyota au Isuzu.

Hizo za mwisho zinasaidia kuchora mpaka. Land Rover iliyotobolewa na kutu, ikafungwa injini ya dizeli kwa sababu spea za ile ya kwanza zimekuwa ghali, haijahuishwa. Imepandikizwa injini, basi. Ili neno lisipoteze makali, liwe na masharti mawili: sura na bodi zirudi kwenye hali ya asili, na mitambo isogezwe mbele kwa makusudi. Likikosekana la kwanza, ni kupandikiza au kumodifai. Likikosekana la pili, ni kurejesha.

Wauzaji wa magari ya zamani waandike hivyo kwenye matangazo yao, na baada ya neno limehuishwa wataje kilichobadilishwa: injini, giaboksi, breki, umeme. Naye mnunuzi, kabla hajatoa malipo ya awali, aulize injini ya kwanza iko wapi na kama inauzwa pamoja na gari.