Je, Mwenye Haki Ana Heri?

Mara nyingi tunaona mtu wa udanganyifu akitajirika, naye mwenye haki akibaki na shida zake. Hapo wengine husema: « Haki ina faida gani? » Ulizo hilo si jipya. Wagiriki wa zamani walilichungua sana, zaidi ya miaka 300 mbele ya Kristu.

Plato, mwenye hekima wa mji wa Athene, aliandika kitabu kiitwacho Jamhuri. Humo ndugu yake Glaucon anazungumza na mwalimu Socrates, naye anasimulia habari ya mchungaji wa nchi ya Lydia. Siku moja nchi ilitetemeka, ardhi ikapasuka. Mchungaji akashuka ndani, akaona maiti yenye pete ya dhahabu, akaitwaa. Kumbe, alipoigeuza pete kuelekea kiganjani, watu hawakumwona tena! Basi akamkosesha malkia, akamwua mfalme, akatwaa utawala.

Glaucon anauliza: Mwenye haki akipata pete hiyo, atadumu katika haki? Tena, tuseme mwovu anasifiwa na wote kuwa mwema, naye mwema anadhaniwa kuwa mwovu, anapigwa, anafungwa, anauawa. Katika hao wawili, nani mwenye heri?

Plato anajibu hivi: Roho ya mtu ina sehemu tatu, ndizo akili, ushujaa na tamaa. Haki ni kila sehemu kufanya kazi yake, akili ikitawala. Haki katika roho ni kama afya katika mwili. Kwa hiyo mwenye kudhulumu anajiumiza mwenyewe kwanza. Mfalme mdhalimu anaonekana mkubwa, kumbe ni mtumwa wa tamaa zake. Hana rafiki wa kweli, na hofu haimwachi. Plato hata alipiga hesabu: mfalme mwema anampita mdhalimu kwa raha mara 729!

Lakini maneno ni rahisi. Je, matendo? Tumtazame Socrates mwenyewe. Mwaka 404 mbele ya Kristu watu 30 walishika utawala wa Athene, wakaua raia wengi. Walimwita Socrates na wenzake wanne, wakawaamuru wamlete Leon wa Salamis apate kuuawa. Wale wanne wakaenda. Socrates akarudi nyumbani kwake, ingawa alijua hatari yake. Utawala ule ulianguka upesi. Lakini mwaka 399, akiwa mzee wa miaka 70, alishtakiwa kwamba haheshimu miungu ya mji na kwamba anaharibu vijana. Akahukumiwa kufa. Rafiki yake Crito alitaka kumtorosha gerezani. Alikataa, maana kwake haikuwa halali kulipa ubaya kwa ubaya. Akanywa sumu kwa utulivu.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliona kwamba haki peke yake haitoshi. Heri ni kutenda mema maisha yote, lakini mtu anahitaji pia rafiki na mali ya kiasi. Anamtaja Priam, mfalme wa Troia, aliyepatwa na misiba mikubwa katika uzee wake: nani atamwita mwenye heri? Hata hivyo, asema, mtu mwema hawezi kuwa mnyonge kabisa, kwa sababu hatafanya kamwe jambo la aibu. Baadaye Zeno na wafuasi wake, Wastoa, walikaza kusema: wema peke yake unatosha.

Basi, hawakupatana kama haki inatosha kuleta heri. Lakini walipatana katika neno moja: pasipo haki hakuna heri, hata mtu akiwa na pete ya yule mchungaji. Sisi huuliza: « Haki itanipa nini? » Wao walitufundisha kuuliza: « Udhalimu utanifanya mtu wa namna gani? » Ulizo hili halihitaji shahidi; kila mtu anaweza kulijibu moyoni mwake, hata mahali asipoonekana na mtu.