Jinsi Waganga Walivyopata Kuona Ndani ya Tumbo

Mara ngapi tumemsikia jirani akisema: «Tumbo laniuma, wala hakuna ajuaye kilichomo.» Zamani hata mganga mwenye elimu kubwa hakujua. Aliutazama ulimi, akabonyeza tumbo kwa vidole, akauliza habari za chakula na za choo, kisha akakisia. Kidonda, kansa, au pombe ya kila siku: yote huuma mahali pamoja. Kujua kweli ilikuwa kazi ya kisu, na mara nyingi kisu kilikuja mgonjwa amekwisha kufa. Basi tueleze namna mambo hayo yalivyogeuka.

Wa kwanza tunayemjua ni Philipp Bozzini, mganga wa Frankfurt katika Ujerumani. Mwaka 1806 alitangaza chombo chake: kisanduku chenye mshumaa ndani, na kioo cha kuutupa mwanga wake katika bomba. Wakubwa wa shule ya uganga ya Vienna hawakukipenda. Mwaka 1809 Bozzini alikufa kwa homa ya tifusi aliyoipata kwa kuwatunza wagonjwa, naye alikuwa na miaka 35 tu. Chombo chake kilionyesha mahali pa karibu, tumboni hakikufika.

Shida zilikuwa mbili. Kwanza, tumboni ni giza tupu. Pili, njia ya kwenda huko ina kona: mdomo unaelekea mbele, koo linashuka chini. Bomba la chuma halipindi. Nani atakubali kulimeza?

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Katika mji wa Freiburg, mwaka 1868, Adolf Kussmaul aliletewa mtu aliyepata riziki yake kwa kumeza panga mbele ya watu. Mtu huyu alijua kuinamisha kichwa nyuma hata mdomo, koo na umio vikawa mstari mmoja. Kumbe njia yaweza kunyoshwa! Kussmaul akampa bomba la sentimetri 47, lenye unene wa milimetri 13, naye akalimeza kama upanga. Lakini taa ya wakati ule ilikuwa ya mafuta, na mwanga wake ulikuwa hafifu. Tena maji ya tumbo yalizidi kupanda. Kussmaul hakuona neno la maana, akaacha. Hata hivyo sisi twaona kwamba mmeza panga yule, ambaye vitabu vingi havimjui jina, aliwafundisha waganga kazi yao ya kwanza.

Mwaka 1881 Johann Mikulicz wa Vienna, pamoja na fundi Josef Leiter, walitia taa ya umeme: uzi wa platini uliowaka hata kuwa mweupe, na maji yakipita kandokando ili usimwunguze mgonjwa. Mwanga ukapatikana. Ugumu wa bomba ukabaki, na hatari pia, maana bomba gumu laweza kutoboa umio, na wakati ule umio uliotobolewa ulikuwa karibu sawa na kifo.

Hapo ndipo tunapokutana na Rudolf Schindler wa München. Mwaka 1932 yeye na fundi Georg Wolf wa Berlin walitengeneza bomba ambalo nusu yake ya chini ilipinda kidogo, na ndani yake walipanga vioo vidogo vingi, hata picha ikapita ingawa bomba limepinda. Mkewe Gabriele alikishika kichwa cha mgonjwa na kumtuliza. Wale waliomtazama walisema kazi hiyo haikuwa ndogo kuliko ya mumewe. Lakini baba yake Schindler alikuwa Myahudi. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimtia kifungoni. Alipofunguliwa alikimbilia Chicago, katika Marekani, na huko waganga wakaja kwake kujifunza. Aliwaambia wazi kwamba chombo hiki si cha mtu yeyote anayeweza kukinunua. Mkono sharti ufundishwe kwanza. Mwaka 1941 akaanzisha chama cha waganga wa kazi hiyo, nacho kingali hai hata leo kwa jina jingine. Ujerumani ilimfukuza mwalimu, Marekani ikapata shule.

Bomba linalopinda kabisa lilitoka katika nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Mwaka 1954, katika London, Harold Hopkins na Narinder Kapany, mwana wa Uhindi, walionyesha kwamba fungu la nyuzi hizo laweza kupitisha picha hata likipindwa. Lakini nyuzi zilipogusana, mwanga ulitoroka kutoka uzi huu kwenda ule. Basil Hirschowitz, mganga aliyezaliwa Afrika ya Kusini, alikuwa akifanya kazi Michigan. Mwanafunzi mmoja huko, Lawrence Curtiss, akavika kila uzi koti la kioo cha namna nyingine. Ilikuwa Desemba 1956. Februari 1957 Hirschowitz akalimeza bomba jipya yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Tunampenda kwa hilo.

Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1969, katika New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata vinyama vya utumbo mkubwa kwa waya uliopitishwa ndani ya bomba, bila kupasua tumbo. Vinyama hivyo vikiachwa, vingine hugeuka kansa. Katika Australia, Barry Marshall na Robin Warren walitazama vipande vilivyochunwa kwa bomba, wakaona vijidudu. Sahani za kuoteshea vijidudu hivyo zilisahauliwa siku za Pasaka ya mwaka 1982, na waliporudi wakavikuta vimeota. Ndipo ikajulikana kwamba vidonda vingi vya tumbo vyatokana na kijidudu, wala si pilipili na mahangaiko tu, na dawa huviponya.

Hata miaka ya 1980 aliyetazama alikuwa mmoja, jicho lake juu ya bomba, na mwanafunzi akingoja zamu. Kamera ndogo iliyowekwa kwenye ncha ya bomba tangu mwaka 1983 ilileta picha katika televisheni, na chumba kizima kikaona pamoja. Mwalimu akaweza kusema, «Rudi nyuma kidogo», kabla kosa halijatendeka. Siku hizi wengine huanza kwa mashine za kompyuta, wasimguse mgonjwa mpaka mkono umezoea. Twaona hayo ni maendeleo makubwa kuliko kamera yenyewe.

Nayo kazi imefika karibu nasi. Katika Kenya ya magharibi, ambako kansa ya umio ni nyingi, waganga wa hospitali ya misioni ya Tenwek, karibu na Bomet, hutumia bomba hilo kuweka ndani ya umio mrija uliofumwa kwa waya. Mgonjwa haponi kansa yake, lakini yeye aliyekuwa hawezi kumeza hata mate hunywa tena uji pamoja na watu wa nyumba yake.