Kamera Hutuliza Mkono, Haitulizi Ubishi

Juma hili nazungumzia ubishi wa siku nyingi miongoni mwa wapiga picha: kati ya kamera kubwa za dijitali, zile za kubadilisha lenzi, ipi ni bora? Ipi inatoa picha safi, na ipi inazuia mtikisiko?

Ubishi huu una historia. Mkono wa binadamu hautulii. Zamani fundi wa picha alifundishwa kwamba akitumia lenzi ya milimita 300, asipige kwa kasi ndogo kuliko sehemu moja ya 300 ya sekunde, la sivyo picha itafifia. Mwaka 1995 Canon ilitoa lenzi ya kamera za filamu ambayo kioo chake cha ndani hujisogeza kupingana na mtikisiko. Nikon nayo ikatoa lenzi ya namna hiyo mwaka 2000. Mwaka 2004 Konica Minolta ikaja na njia nyingine: kusogeza kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera yenyewe. Kampuni hiyo ilijitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2006, na Sony ikaurithi ujuzi wake.

Kwa njia ya Canon na Nikon, ukichungulia unaiona taswira imetulia, lakini unalipia kifaa hicho katika kila lenzi. Kwa njia ya Minolta, hata lenzi kuukuu ya mtumba inanufaika.

Hata hivyo, tuelewane. Kifaa hicho hutuliza mkono wa mpiga picha tu. Mchimbaji anayevuta kamba kwenye duara kule Geita, jioni, mwanga ukiwa hafifu, bado atatoka na ukungu kwa sababu yeye mwenyewe anatembea. Hapo kinachosaidia ni kipande kikubwa cha kupokea mwanga. Mwaka 2008 Canon ilitoa 5D Mark II ya megapikseli 21, na Nikon ikatoa D700 ya megapikseli 12. Vipande vyao vilikuwa na ukubwa ule ule, takriban milimita 36 kwa 24. Kwa ukurasa wa gazeti, megapikseli 12 zinatosha kabisa.

Lakini historia ya ukanda wetu wa dhahabu inatufundisha kwamba ubora wa picha si weupe wake peke yake.

Mnamo Agosti 1996, huko Bulyanhulu, wilayani Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa na mashimo yakafukiwa. Likazuka dai zito kuwa watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Amnesty International ikataka uchunguzi huru. Mwaka 2001 wanasheria wa mazingira wa LEAT walilifufua suala hilo, na kanda za video zikatajwa kuwa ushahidi. Maswali makubwa yakawa: maiti hawa ni akina nani? Walitolewa shimo lipi, siku gani? Nani alishika kamera? Mwaka 2002 ofisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayopokea malalamiko juu ya miradi yake ilisema haikuona msingi wa dai hilo. LEAT haikukubali.

Ndugu zangu, hakuna lenzi inayoweza kujibu maswali hayo baada ya miaka mitano. Hujibiwa siku ile ile, na mtu aliyepo pale.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza anunue kamera gani, mimi humwuliza kwanza kama saa ya kamera aliyonayo inasema kweli. Kamera ya mtumba yenye tarehe ya uongo inaweza kuharibu ushahidi wa kweli. Kisha namwambia: piga kwanza kwa mbali, kilima na kibao cha kijiji vionekane, ndipo usogee karibu. Andika majina kwenye daftari. Tunza picha asilia bila kuigusa.

Sisi wa redio tulifundishwa kuanza kila mkanda kwa kutaja tarehe, mahali na jina la msemaji. Ni sekunde kumi tu. Wenye kamera wangefanya vivyo hivyo, mama aliyempoteza mwanawe mgodini asingeambiwa kesho kwamba picha yake haithibitishi kitu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.