Jicho la Mlangoni na Haki ya Kuuliza

Ndugu Waislamu, sitara ya nyumba ni amana. Sura ya Annur imetufunza kubisha hodi, na Sura ya Alhujurat imetukataza kupelelezana. Kwa hiyo habari hii ya Marekani yatuhusu.

Mwaka 2018 kampuni ya Amazon iliinunua Ring, watengenezaji wa kengele za mlangoni zenye kamera. Polisi wa miji mingi wakapatana nayo, wakapata njia ya kuwaomba wenye nyumba picha zao pasipo amri ya hakimu. Wakazi wengi hawakujua. Ndipo waandishi wa habari walipoziandikia idara za polisi, wakidai hati kwa sheria impayo raia haki ya kusoma karatasi za serikali. Mikataba ikatoka, ikadhihirika kwamba kampuni ilikuwa na neno hata katika matangazo ya polisi. Agosti 2019 kampuni yenyewe ikataja idara zaidi ya 400. Januari 2024 ikaiondoa njia ile. Mwaka 2025 ikafungua nyingine.

Basi, mwenye kamera na aielekeze mlangoni kwake, si uani kwa jirani. Na aulizaye kwa adabu na kwa maandishi hakufanya fitina, ametimiza wajibu. Wallahu aalam.